Mamangu Yumo Kwenye Ritani ya Ujerumani, ya Kenya Hayumo

Ofisi ya ushuru ya mji ninaoishi hapa Ujerumani imeniandikia barua tena kuhusu ritani yangu, ile fomu ya kila mwaka ya kutangaza kipato na ushuru. Inataka fomu yenye muhuri wa chifu kuthibitisha kwamba mamangu hana kipato cha kumtosha. Na muhuri usomeke, si ule wa wino uliokauka unaoacha nusu ya jina la lokesheni. Kwa hivyo mama wa watu apande boda hadi kwa chifu, amkose, aambiwe arudi Alhamisi. Mnajua.

Nimekasirika, lakini nitaituma. Sheria ya hapa inaniruhusu kuondoa pesa ninazomtumia mzazi asiyejiweza kwenye kipato changu kabla ushuru haujapigwa. Kiwango cha juu kwa 2025 ni yuro 12,096, ila mzazi akiwa Kenya kinashushwa hadi robo, yuro 3,024, kwa hoja kwamba maisha ya huko ni nafuu. (Aliyewaambia hivyo hajanunua unga.) Wala sirudishiwi hizo 3,024 zote kama binamu zangu wanavyodhani. Kama sehemu ya juu ya kipato changu inatozwa asilimia 30, ninaokoa yuro 900 na kitu. Tena lazima zipitie benki. Tangu 2025 bahasha unayompa msafiri apeleke haihesabiwi.

Sasa mtazame mwalimu wa Kenya anayemlea mamake vivyo hivyo. Nafuu yake ya ushuru ni Sh2,400 kwa mwezi, haijasonga tangu 2020, nayo inafuta tu ile asilimia 10 ya Sh24,000 za kwanza. Akiwa na mkopo wa nyumba, riba hadi Sh360,000 kwa mwaka inaondolewa. Akichangia pensheni, hadi Sh30,000 kwa mwezi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 hata makato ya SHIF, bima ya afya ya taifa, na ya mpango wa Serikali wa nyumba nafuu yanatolewa kabla PAYE, ule ushuru wa mshahara, haijapigwa, na hilo nalisifu. Lakini dawa za presha za mama? Mabati ya jikoni kwake? Hayana pa kuandikwa.

Naona tayari wa "ametoroka, sasa anatuletea somo." Wengine mtasema huku Ujerumani wanakamua mshahara kwanza ndipo wakurudishie makombo. Kweli. Ushuru, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, vyote hupita kabla sijagusa senti. Sijasema ni peponi. Na sheria hiyohiyo haimjui mdogo wangu: karo yake ya chuo nalipa mimi, haihesabiwi, eti ndugu hana haki ya kudai matunzo kwa nduguye. Kamwambie mamangu hivyo uone.

Wa "hulipi ushuru Kenya, nyamaza" nao niwajibu. Pesa tulizotuma tulio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na kila mfuko wa saruji unaonunuliwa nazo una VAT, ushuru wa bidhaa, ya asilimia 16 ndani yake.

Msiniambie kumlea mzazi ni wajibu usiohitaji nafuu. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka wazee watunzwe na familia pamoja na Serikali. Familia inatunza tayari. Mswada wa Fedha huja bungeni kila mwaka; muulizeni mbunge wenu kwenye ritani ya Juni 30 mzazi ataandikwa wapi.