Dakika Moja ya Mashine

Mimi si mtu wa kugombana na vyombo vya nyumbani. Nina redio ambayo haisemi mpaka uipige kofi, tumeishi nayo miaka na hatujakosana. Lakini hii mashine ya kufulia ya mtumba kutoka Uingereza aliyonunua Mama Hamisi, ile ya mlango wa mbele, yenye jicho la kioo kama sangara aliyelazwa kwenye barafu, hiyo mimi na yeye tuna kesi.

Ijumaa jioni bodaboda ilinirushia tope pale Kalerwe, hapa Kampala. Si tope la kupangusa, ni lile jekundu letu ambalo likishika nguo limeshika. Na nilikuwa nimevaa kanzu. Kanzu yangu ya pekee, nyeupe, yenye tarizi ya damu ya mzee shingoni. Kesho yake ni kwanjula ya mpwa wangu, ile sherehe ya Waganda ya kujitambulisha kwa wakwe, kule Mpigi, na bwana harusi mtarajiwa haendi kwa wakwe na mjomba mwenye madoa. Msafara unaondoka saa tatu kamili asubuhi. Usiku ule umeme nao ukaenda zake, ukarudi alfajiri.

Basi nikaamka gizagiza, nikaitumbukiza kanzu peke yake, nikaimiminia sabuni ya unga kikombe kizima cha chai. Kisha nikatazama vitufe. Sasa mimi nililelewa hivi: cha bure hakiachwi. Pana kitufe chenye picha ya karai na mstari mmoja ndani yake, nikabonyeza. Pana cha doa, nikabonyeza. Pana cha karai lenye matone ya maji na alama ya kujumlisha, hicho nikakibonyeza mara tatu kwa sababu kilikubali mara tatu. Kwenye kioo ikatokea 3:46.

Nikatazama saa ya ukutani: saa kumi na moja na dakika 46. Nikacheka. Maskini, mashine ya mtumba, bado inafuata saa za London! Wakati wa kiangazi chao wako nyuma yetu saa mbili kamili, hesabu ikalingana vizuri mno. Nikaenda kupiga mswaki. Niliporudi imeandika 3:41. Nikaketi, nikaitolea macho. 3:40. 3:39. Banange, hata London saa hairudi nyuma!

Nikapiga hesabu kwa vidole. Kanzu inatoka saa tatu na dakika 32, na bado kuipiga pasi.

Mlango kuvuta, umekaza. Nikampigia fundi, nikamwamsha.

"Mzee, hiyo haijaharibika. Umebonyeza nini?"

Nikamtajia. Akanyamaza, nadhani alikuwa anacheka mbali na simu.

"Mzee, hivyo vyote ni vya kuongeza muda. Karai la mstari mmoja ni kufua kwa awali: inafua kidogo, inamwaga maji, ndiyo inaanza kufua kwenyewe. Cha doa kinarefusha kufua. Hicho cha matone ni kusuuza tena. Wewe umeiagiza isuuze mara tatu zaidi ya zile zake. Sabuni umeweka wapi?"

"Kwenye kile kidroo, upande wa mistari miwili."

"Na upande wa mstari mmoja?"

"Mtupu."

"Basi sasa hivi inafua kwa maji matupu, mzee. Sabuni itaiona raundi ya pili."

Nikatazama kwenye kioo. Kweli, kanzu yangu ilikuwa inaogeshwa tu, pole pole, inageuzwa kulia, inapumzika, inageuzwa kushoto, kama mgonjwa. Na maji yenyewe ya kuhesabu! Hizi za mlango wa mbele hazijazi maji kama pipa. Zinaibeba nguo juu na kuidondosha kwenye maji machache yaliyo chini. Mama Hamisi aliniambia hilo ndilo linaokoa maji. Mimi naona linaokoa maji na kula mjomba wa watu.

Halafu ile sabuni ya kufulia kwa mikono ikafika. Povu likapanda mpaka kioo kizima kikawa cheupe. Mashine ikasimama kufikiri. Kumbe ikihisi povu limezidi inajiongezea yenyewe kusuuza, bila kuuliza mwenye nyumba. Ilikuwa imefika 1:50, nikageuka kuchukua chai, nikarudi nikakuta 2:04. Na kila inapotaka maji inangoja, kwa sababu tangi letu liko mita 2 tu juu ya ardhi, yanashuka kwa hiari yao. Nambari zile za kwenye kioo si saa, ni makisio. Ni kama yule jamaa anayekwambia "nakuja" huku mgongo wake unakuelekea.

Mama Hamisi akaamka. Akatazama mashine, akanitazama mimi.

"Baba Hamisi, kanzu moja? Peke yake?"

"Nilitaka ifuliwe kwa nafasi."

Hakujibu. Nilikuja kuelewa baadaye, wakati wa kukamua.

Saa tatu kasorobo taksi ya msafara ikapiga honi nje. Nikamwambia mke wangu tuikatize. Akasema ukikatiza sasa itatoka na sabuni yake, utakaa mbele ya wakwe unatoa povu kwapani. Ikabidi niazime kanzu ya jirani yetu, mtu mfupi mwenye roho nzuri. Ilinifika kwenye muundi. Koti juu, soksi zote hadharani.

Ndani ya taksi kijana wetu anayesoma uhandisi Kyambogo akaniliwaza kwa masomo. Eti kuna Mjerumani, mkemia, Herbert Sinner, mwaka 1959 alieleza kwamba kufua ni mambo manne: sabuni, joto, msukosuko na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Ndiyo maana ile programu ya kubana umeme huchukua muda mrefu kuliko ya kawaida: umeme mwingi unaliwa na kile kinachopasha maji moto, kina karibu wati 2000, kwa hiyo wanapunguza joto na kulipa kwa muda. Nikamsikiliza. Nikamkumbuka marehemu mama, maji baridi ya kijito, sabuni ya mche kipande kama kidole, na lile jiwe. Joto hakuna, sabuni haba, basi alimaliza deni lote kwenye jiwe. Shati langu la shule lilipigwa kuliko mimi, na nilipigwa. Lakini jiwe halikuwa na mlango.

Tukafika, tukaketi, mimi nimekunja miguu chini ya kiti. Wasemaji wakaanza maneno yao matamu. Simu ikatetemeka mfukoni. Saa nne na nusu.

"Baba Hamisi," mke wangu ananong'ona kama yupo msibani, "imeandika dakika 1."

"Alhamdulillahi."

"Imeandika hivyo tangu saa nne na robo. Kanzu imejiviringa donge upande mmoja. Inataka kukimbia ikamue, inajiona inapepesuka, inaacha. Inaikung'uta pole pole, inajaribu tena. Ungeweka hata mataulo mawili ya kusawazisha."

Nikakata simu, mama mkwe alikuwa ananitazama soksi.

Saa sita kasoro ikatetemeka tena.

"Imelia, imemaliza!"

"Itoe basi uianike."

"Mlango bado. Fundi anasema mle kwenye kufuli mna kitu kinachopata joto, mpaka kipoe ndipo inaachia. Anasema ningoje dakika moja."