Washington na Mtoto wa Miaka Minne

Kila Washington inapotaka kugharamia elimu ya awali kwa watoto wote wa Marekani, jibu huwa lile lile: faida yake huyeyuka. Obama alilisikia mwaka 2013 alipoomba dola bilioni 75 kwa miaka kumi. Lilisikika tena mwaka 2021, mpango wa Biden ulipopita Baraza la Wawakilishi ukafia Seneti. Na kweli, utafiti mkubwa wa Head Start, mpango wa serikali kuu wa elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini, uliotolewa 2012 ulionyesha kwamba watoto waliopitia mpango huo walipofika darasa la tatu walikuwa wamelingana na wenzao karibu katika kila kipimo. Sibishani na matokeo hayo. Ninachobisha ni kuyafanya hukumu ya mwisho.

Tazameni Boston. Kati ya 1997 na 2003, chekechea za umma za jiji hilo zilipata waombaji wengi kuliko nafasi, ikabidi kura ya bahati nasibu iamue. Miaka mingi baadaye wachumi waliwafuatilia watoto zaidi ya 4,000, walioshinda kura na walioshindwa. Katika mitihani ya jimbo hawakuona tofauti ya maana. Lau wangeishia hapo, mpango ungeandikwa kuwa umeshindwa. Lakini waliendelea kuhesabu. Waliopata nafasi, 70 katika kila 100 walimaliza sekondari, waliokosa, 64. Walioingia chuo mara tu baada ya sekondari walikuwa 54 upande mmoja na 46 upande wa pili. Waliopata nafasi walikuwa pia na makosa machache ya nidhamu, na wachache zaidi walifungwa wakiwa bado watoto.

Nimezirudia namba hizi mara nyingi. Kilichojengeka hakikuwa hesabu wala kusoma, maana mitihani ingekiona. Nadhani ni kule kujifunza kungoja zamu, kumsikiliza mtu mzima asiye mzazi wako, kukosea na kujaribu tena. Mtihani wa darasa la tatu hauna swali la mambo hayo, nasi tumeutumia huo huo kuamua nani apate darasa.

Wanaopinga wana Tennessee, na ni ushahidi mzito. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliripoti kwamba watoto waliopata chekechea ya jimbo hilo walikuwa, kufikia darasa la sita, nyuma ya waliokosa, tena wenye utovu zaidi wa nidhamu. Anayetaka kupanua bila kuulizia ubora wa darasa na mwalimu lazima ajibu hilo. Wanasema pia kwamba majimbo yanaweza yenyewe. Oklahoma, jimbo la kihafidhina, iliwafungulia mlango watoto wote wa miaka minne tangu 1998 bila kusubiri amri ya Washington. Hata Mississippi ilianza mpango wake mwaka 2013, na unasifiwa kwa viwango vyake.

Lakini Mississippi ina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1965, Head Start ilipoanza chini ya Rais Johnson, fedha zilitoka Washington moja kwa moja hadi kwa vikundi vya wenyeji, zikiwapita magavana kando. Ndivyo wazazi Weusi, wengi wao wakiwa vibarua wa mashambani, walivyoweza kufungua vituo vilivyopokea karibu watoto 6,000 kiangazi kile. Seneta wao, John Stennis, aliviandama vituo hivyo hadi fedha zikakatwa kwa muda. Kama uamuzi ungebaki mikononi mwa wakubwa wa jimbo peke yao, vituo hivyo visingefunguliwa kabisa.

Nyakati zimebadilika, ila mtoto bado hachagui jimbo la kuzaliwa. Machi 2021, wawakilishi wa Idaho, jimbo lisilo na mpango wake wa elimu ya awali, walipigia kura msaada wa dola milioni 6 kutoka serikali kuu kwa ajili ya watoto wadogo. Waliopinga walisema utaingilia nafasi ya mama nyumbani, hofu inayofanana na ile ambayo Rais Nixon aliitumia mwaka 1971 kuukataa muswada wa malezi ya watoto. Kura 34 zilikubali, 36 zikakataa. Vituo vya Head Start vya Idaho viliendelea kupokea watoto, kwa kuwa fedha zake kutoka Washington, kama mwaka 1965, haziombi ruhusa ya bunge hilo.