Bamvua, kijiti na daftari la chekechea

Mzazi wa Mombasa akimpokea mwanawe kutoka chekechea, kwanza hufungua begi. Akikuta daftari limejaa a, e, i, o, u, roho hutulia. Akikuta kaptura ina tope na mfukoni mna gamba la kaa, maswali huanza: karo nimelipa mtoto akacheze?

Simlaumu. Darasa la kwanza li mlangoni, shule nyingi za binafsi humtahini mtoto kabla ya kumpokea, na daftari ndiyo risiti ya mzazi. Tena kumpeleka mtoto ufukweni kuna hatari: bahari haina mzaha, na hori la Tudor huingia maji taka.

Mtaala wa umilisi (CBC) ulioanza kutumika Kenya nzima 2019 umeweka shughuli za mazingira kwa watoto wa miaka minne na mitano. Lakini madarasani mara nyingi mazingira huwa picha ya mti. Mtoto anaupaka kijani mti asiowahi kuushika, ilhali mikoko iko nyuma ya ukuta.

Ninaowatetea ni walimu wanaowatoa watoto nje, hadi ufukweni. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa sana mwendo wa saa nne hadi saa tano asubuhi, saa za darasa hasa. Mtoto achomeke kijiti pale maji yalipokomea. Kesho, saa ile ile, kijiti kimo majini. Keshokutwa maji yamekipanda zaidi. Kwa nini, na saa ni ile ile? Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa kuufuata mwezi. Hiyo 50 si ya kumkaririsha mtoto. Mvuvi yeyote wa Mtongwe anaishi nayo bila kuiandika. La maana ni kwamba mtoto amekisia, amekosea, amerudi kutazama, amekisia upya. Hesabu imo, lugha imo (kupwa, kujaa, bamvua, na kinyume chake, maji mafu), na sayansi yenyewe ndiyo hiyo. Daftari halionyeshi hata chembe yake, ndiyo maana mwalimu huyu huonekana mvivu.

Wala si jambo geni. Chekechea za madrasa zilizoanzia hapa Mombasa miaka ya 1980 zilifundisha kwa vifuu, makombe na mbegu, vitu vya bure.

Kwa mwalimu aliye peke yake na watoto thelathini, nami ningesema wasiende. Aletewe ndoo ya maji ya bahari na tawi la mchu, mkoko wa aina moja, watoto wazione chembe za chumvi juu ya majani. Lakini Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Hofu ya wazazi ni hoja ya kuidai kaunti mwalimu msaidizi, si ya kumnunulia mtoto daftari la pili.