Maziwa yaliyogoma kuganda

Mtengeneza mtindi ndiye hujua mapema kwamba ng'ombe wa jirani amechomwa sindano. Kachemsha maziwa, kayapoza, katia mtindi wa jana. Asubuhi anakuta bado majimaji. Antibiotiki iliyobaki kwenye maziwa imewadhuru bakteria wanaogandisha, na moto wa jikoni haukuimaliza.

Lebo ya dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuuza, kwa hiyo mwenye kosa ni mfugaji. Ndiyo, lakini mpigie hesabu mama wa Rungwe mwenye ng'ombe mmoja wa lita 10 kwa siku. Kiwele kimevimba, ng'ombe katibiwa siku 3, tuseme lebo inataka 3 nyingine: lita 60 za kumwaga, na ndama naye haifai kupewa. Akinyamaza, anazilipwa zote.

Wapo wanaotaka antibiotiki zisiuzwe bila cheti cha daktari wa mifugo. Hoja yao naiona kwenye ndigana, jina linalobebwa na magonjwa mawili tofauti ya ng'ombe yanayoletwa na kupe. Ndigana baridi husikia oksitetrasaiklini, mojawapo ya antibiotiki. Ndigana kali haiponi kwa dawa hiyo. Inataka dawa kama buparvakwoni. Mtu akifika dukani na neno "ndigana" tu, huenda akachoma chupa nzima bure, ng'ombe akafa, na njiani bakteria wengine wakajifunza usugu. (Ajabu ni kwamba oksitetrasaiklini hiyohiyo huchomwa siku ya chanjo ya ndigana kali, ili vimelea hai vya chanjo visimzidi mnyama.)

Wanaopinga wanauliza huyo daktari yuko wapi. Kiwele kikivimba Ijumaa usiku, hakingoji cheti cha Jumatatu. Hapo nawaelewa. Uholanzi ilipunguza mauzo ya antibiotiki za mifugo kwa zaidi ya nusu kati ya 2009 na 2013, lakini kule mfugaji ana mkataba na daktari wake.

Mimi ningeanzia kituo cha maziwa. Mabaki ya dawa yapimwe mlangoni, na anayetangaza mwenyewe kwamba ng'ombe wake yuko kwenye dawa alipwe walau nusu ya lita anazomwaga, kutoka mfuko wa ushirika. Na ugonjwa wa kiwele ugunduliwe mapema: kukamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi, kuona kama kuna mabonge, hakuna gharama ya kutisha.

Ushirika utasema fedha haipo. Lakini tangi la wanachama 20 likiharibiwa na ng'ombe mmoja, hasara hiyo wanailipa wote, tena bila kuandikwa kwenye daftari lolote.