Fremu Moja, Watu Wasiojuana

Februari 1937 jarida la Life la Marekani lilichapa picha ambayo hadi leo haikosekani watu wanapojadili namna kamera inavyoweza kutoa hoja. Ilipigwa na Margaret Bourke-White mjini Louisville, Kentucky. Chini, kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, kuna foleni ya watu weusi wenye makoti na kofia, wengine na vikapu na ndoo mkononi, nyuso zimechoka kungoja. Juu yao limesimama bango kubwa la chama cha wenye viwanda: baba, mama, watoto wawili na mbwa ndani ya gari, wote Wazungu, wanatabasamu. Maneno yake yanajigamba kwamba Marekani ina maisha ya hali ya juu kuliko nchi yoyote duniani. Ukiitazama kwa muda, gari lile ni kama linataka kupita juu ya vichwa vya wale waliopanga foleni.

Wengi wanaoiona leo huamini kuwa ni foleni ya wasio na kazi wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Sivyo. Januari mwaka ule mto Ohio ulifurika, ukaua watu wapatao 400 na kuwaacha wengine wengi mno bila makazi. Wale walikuwa wahanga wa mafuriko wakisubiri msaada, na Life yenyewe iliwaambia wasomaji wake hivyo. Lakini ndani ya picha hamna hata tone la maji. Maelezo yakishaondolewa, bango ndilo linalobaki kutueleza watu wale ni nani na wamefikaje pale, na linatueleza vibaya. Hata hivyo siwezi kuiita picha ya uongo. Waliochora familia ya Kizungu kuwakilisha maisha ya Mmarekani walifanya hivyo kabla mto haujafurika, na ubaguzi wa rangi Kentucky haukuletwa na maji. Kuhusu nchi picha inasema kweli. Kuhusu foleni inahitaji kusaidiwa.

Hapo ndipo ulipo ubishi mzima wa picha za mtaani zinazokutanisha vitu viwili visivyojuana. Wapo wanaoziona kama ushahidi, wapo wanaoziona kama usengenyaji wa watu ambao hawakuulizwa. Pande zote mbili zina la kusema, na ili kuzisikiliza vizuri ni lazima kwanza tuelewe kamera inafanya nini.

Kamera ina jicho moja. Sisi tukiwa mtaani, macho mawili na mwendo wa mwili wetu vinatuambia kuwa bango liko ng'ambo ya barabara na mama anayepita yuko karibu. Picha inafuta umbali huo. Mpigapicha wa mtaani anaufuta kwa makusudi: anatumia lenzi pana, milimita 28 au 35, anabana tundu la lenzi liwe dogo, hadi kipimo cha f/8 au f/11, anaweka fokasi mapema kwa umbali wa mita mbili tatu hivi, na kila kitu kinatoka wazi, cha mbele na cha nyuma. Kisha fremu inakata. Kilichobaki nje hakipo tena, na vilivyobaki ndani vinalazimika kuhusiana, kwa sababu mtazamaji hawezi kuona vitu viwili kwenye mstatili mmoja asivitafutie undugu.

Undugu huo huwa wa aina mbili kuu. Kuna wa kufanana. Mwaka 1932 mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipenyeza lenzi kati ya mbao za uzio nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, akamnasa mwanamume anaruka dimbwi, kisigino kikiwa karibu kabisa kugusa maji. Nyuma yake, ukutani, pana tangazo lenye mchezaji dansi aliyeruka vilevile, ila ameelekea upande wa pili. Picha haimdhalilishi mtu. Inafurahisha kwa kuwa mji umejirudia wenyewe na kuna mtu aliyewahi kuona.

Aina ya pili ni ya kupingana, nayo ndiyo yenye meno. Picha ya Elliott Erwitt, North Carolina, Marekani, 1950: sinki mbili za kunywea maji ukutani, moja ya wazungu na nyingine ya weusi, na kijana mweusi ameinamia ya kwake. Sinki ya wazungu ni nzuri zaidi, ya weusi ni ya ovyo. Anayetetea picha za namna hii hahitaji mfano mwingine. Mkutano huu haukutengenezwa na lenzi. Umetengenezwa na ubaguzi wenyewe, ukapigiliwa ukutani na kuandikiwa vibao. Hotuba ya kurasa kumi ingejibiwa kwa hotuba nyingine, lakini sinki mbili hazina jibu. Picha hiyo ingepangwa, ukipata habari ungeitupa. Nguvu yake iko katika kuwa haikupangwa.

Na kuna waliopanga. Novemba 1943, usiku wa ufunguzi wa msimu kwenye jumba la opera la Metropolitan, New York, mpigapicha wa magazeti aliyeitwa Weegee aliwapiga picha wanawake wawili matajiri waliojaa vito na manyoya meupe, na kando yao mwanamke wa hali ya chini, koti limechakaa, anawatazama kama anayewasuta. Picha inajulikana kwa jina la "The Critic", yaani Mkosoaji. Baadaye sana msaidizi wa Weegee, Louie Liotta, alieleza kuwa mwanamke yule walimtoa kwenye baa ya mtaa wa Bowery, wakamnywesha mvinyo wa bei rahisi na kumsimamisha pale matajiri walipowasili. Watetezi husema: tajiri na maskini si walikuwepo New York wakati wa vita? Walikuwepo. Lakini picha haikutuambia tu kwamba wapo. Ilituambia kwamba mwanamke huyu, usiku huu, aliwatazama hawa na akawahukumu. Hukumu ile ilikuwa ya Weegee, akaivika uso wa mlevi ambaye pengine hakujua yuko wapi. Naiona hiyo kuwa dhuluma, hata kama picha ni hodari.

Wapinzani wa aina hii ya picha, hata hivyo, hawaishii kwenye udanganyifu, na hoja yao nzito zaidi inatokana na picha ambayo hakuna aliyeipanga. Ni ya Garry Winogrand, bustani ya wanyama ya Central Park, New York, 1967. Mwanamume mweusi na mwanamke mzungu, wamevaa vizuri, wanatembea pamoja, kila mmoja amembeba sokwe aliyevishwa nguo za mtoto. Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa za weusi na wazungu. Winogrand hakuwavisha wale sokwe, hakuwaunganisha wale watu, na picha haisemi hata kama walikuwa mke na mume. Lakini mtazamaji anawaozesha papo hapo, kisha anawapa watoto. Wapo wanaosema picha inaukejeli woga wa wabaguzi kwa kuuonyesha ulivyo wa kipuuzi. Wapo wanaosema inawapa wabaguzi hasa kile walichokuwa wakikitamka kwa sauti ya chini. Mimi nimeitazama mara nyingi na bado naona wote wana haki. Kilicho wazi ni kwamba bei hakuilipa Winogrand. Wameilipa wale wawili, ambao labda walikuwa wanajifurahia siku yao tu.

Kwa hiyo swali ambalo naona linasaidia kuliko "je, ilipangwa?" ni hili: mgongano huu upo mtaani, katika maisha ya waliomo, au upo kichwani mwa anayetazama? Ya Erwitt ipo mtaani. Ya Winogrand, kwa sehemu kubwa, ipo kichwani mwetu.

Swali hili linatugusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu kuna picha moja ambayo wageni, na siku hizi hata sisi wenyewe, hatuchoki kuipiga: Mmaasai mwenye shuka nyekundu akiongea na simu. Inapendwa kwa sababu inadaiwa kukutanisha ya kale na ya leo. Yeye anakutanisha nini? Anauliza bei ya ng'ombe mnadani, au anapokea pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mfugaji anayekaa mbali na benki ana sababu kubwa ya kuitumia kuliko karani wa mjini. Shuka na simu vimekaa kwake bila ugomvi wowote. Anayeona ugomvi amekuja nao, na picha inamgeuza mtu mzima mwenye shughuli zake kuwa kituko.

Hali ni tofauti kabisa kwa kanga. Mitaa yetu imejaa maandishi, migongoni mwa watu na nyuma ya daladala, na kwa mpigapicha mvumilivu hii ni neema. Lakini jina la kanga limechaguliwa. Aliyejifunga "Usisafirie nyota ya mwenzio" na kupita mlangoni kwa jirani huenda ana lake la kusema, na kamera ikimkutanisha na jirani huyo imeyafuata maneno yake mwenyewe. Ombaomba aliyekaa chini ya bango la benki hakulichagua bango. Alikaa pale kwa sababu kuna kivuli na watu wanapita. Picha yake imepigwa mara nyingi kiasi kwamba haimshtui mtu tena, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuiache.

Sheria haitatusaidia sana hapa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inasisitiza ridhaa, na inatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Haiulizi umemweka mtu karibu na nini. Kazi hiyo ni ya mpigapicha na mhariri, na hufanyika wakati wa kuchagua zaidi kuliko wakati wa kubofya. Mtaani hakuna nafasi ya kufikiri. Sehemu ya sekunde imepita na mtu ameshavuka bango. Mezani muda upo. Nikimkuta kijana wa Kariakoo au River Road anayeanza kazi hii, sitamwambia aache kuwinda mikutano ya namna hii, kwa maana mtaa usiopigwa picha husahaulika. Nitamwambia apige, arudi hatua tatu nyuma, apige tena kwa upana, aandike pembeni tarehe, mahali na kile watu wale walikuwa wanafanya, na asiichapishe ile ya kwanza ikiwa ile ya pili inaikanusha.