Hatia ya Zamani na Leseni ya Bima Marekani: Ni Nani Azuiwe, na kwa Muda Gani?

Waswahili wanaoishi Marekani wanajua kinachofuata mmoja wao anapofariki bila maandalizi. Simu zinapigwa usiku kucha, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, mweka hazina anachaguliwa, na kabla ya arobaini kufika watu wamekwisha kuchangishana maelfu ya dola ili mwili urudi nyumbani Kenya, Tanzania au Kongo. Ni katika uchungu wa michango hiyo ambapo wakala wa bima ya maisha kutoka miongoni mwetu amepata nafasi yake. Anakuja nyumbani jioni, anaongea lugha yetu, anakaa sebuleni, na kwa saa moja anaandika tarehe za kuzaliwa za watoto, namba ya hifadhi ya jamii, akaunti ya benki na majina ya warithi. Familia nyingi hazimpi mtu mwingine yeyote taarifa nyeti kiasi hicho. Kwa hiyo swali la kama mtu aliyewahi kutiwa hatiani mahakamani aruhusiwe kushika kalamu hiyo linamhusu kila mwenye hati ya bima kabatini, sawa na linavyomhusu aliyetoka gerezani anayetafuta kazi ya kumlisha.

Nchini Marekani bima husimamiwa na majimbo, utaratibu uliothibitishwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1945, na ndiyo maana leseni ya wakala hutolewa na idara ya bima ya jimbo lake. Hata hivyo, mwaka 1994, ndani ya sheria kubwa ya kupambana na uhalifu iliyosainiwa na Rais Bill Clinton, Bunge liliweka uzio mmoja unaozunguka nchi nzima. Kifungu cha 1033 cha kanuni ya makosa ya jinai kinasema kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai (felony) la kukosa uaminifu au uvunjaji wa dhamana, akijiingiza kwa makusudi katika shughuli za bima, anatenda kosa jipya linaloweza kumfunga hadi miaka 5. Tafsiri ya shughuli za bima ni pana kuliko leseni yenyewe, kwa kuwa inawagusa wakurugenzi, mawakala na hata waajiriwa ambao kazi yao haihitaji leseni. Mlango uliobaki ni mmoja tu, nao ni idhini ya maandishi ya mdhibiti wa bima, inayotaja waziwazi kuwa imetolewa chini ya kifungu hicho. Sheria haisemi kwamba baada ya miaka 10, 20 au 40 zuio hilo linakoma.

Ukali huo una historia yake. Katika miaka ya 1980 kampuni kadhaa kubwa za bima zilianguka, na kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi chini ya mbunge John Dingell ilipotoa ripoti yake mwaka 1990, ilionyesha kwamba nyuma ya kuanguka huko kulikuwa na uzembe, tamaa na ulaghai uliopita mbele ya macho ya wadhibiti. Bima ni biashara ya namna ya pekee. Mnunuzi wa kiatu kibovu hugundua ubovu wiki hiyo hiyo, lakini mnunuzi wa bima hulipa leo kwa ajili ya ahadi itakayojaribiwa miaka mingi baadaye, pengine akiwa yeye mwenyewe yuko kaburini. Wakala aliyetia mfukoni ada ya mteja na kumpa karatasi isiyo na nguvu hatagundulika hadi siku ya msiba, nyumba ikiungua au ajali ikitokea, na siku hiyo hakuna tena nafasi ya kununua bima nyingine. Lugha yetu ina neno sahihi kwa uhusiano huu, nalo ni amana. Na kinachoogopwa na mtunga sheria ni hiana. Anayeona zuio hili kuwa ni ukatili mtupu angekaa kwanza na mjane aliyeambiwa na kampuni kwamba jina la marehemu mumewe halimo katika vitabu vyao.

Baadhi ya majimbo yameongeza uzio wao juu ya ule wa shirikisho. Florida ni mfano wa wazi, kwa sababu imeandika miaka badala ya kuacha kila jambo mikononi mwa ofisa. Aliyetiwa hatiani kwa ubadhirifu au utakatishaji fedha wa kiwango cha kosa kubwa hapewi leseni maisha yake yote. Makosa mengine makubwa yanayohesabiwa kuwa ya uovu wa kimaadili humweka nje kwa miaka 15. Na makosa makubwa yaliyobaki, miaka 7. Muda huo unaanza kuhesabiwa mtu anapomaliza adhabu yake, ikiwa ni pamoja na kipindi cha uangalizi nje ya gereza, na faini na fidia alizoamriwa sharti ziwe zimelipwa. Faida ya mpango huu ni kwamba mwombaji anajua anaposimama kabla hajatumia fedha zake kwa masomo na mtihani. Kasoro yake ni kwamba kijana aliyefanya ubadhirifu wa fedha za mwajiri wake mara moja akiwa na miaka 19 anawekwa chumba kimoja na mhasibu aliyefyonza akiba za wazee kwa muongo mzima, na wote wawili wanaambiwa kamwe.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na watetezi wa uzio usio na mwisho, kwa kuwa hukumu ya mahakama ni kipimo hafifu kuliko inavyodhaniwa. Martin Frankel alifungiwa na mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani mwaka 1992 asifanye tena biashara ya hisa. Huo ulikuwa uamuzi wa mdhibiti, si hukumu ya jinai. Akijificha nyuma ya mfuko wa udhamini uliobeba majina ya wengine, alizitawala kampuni kadhaa ndogo za bima katika majimbo yakiwemo Mississippi na Tennessee, akachota zaidi ya dola milioni 200, akatoroka mwaka 1999 na kukamatwa Hamburg, Ujerumani, miezi michache baadaye. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha karibu miaka 17. Sheria ya 1994 ilikuwa ikifanya kazi muda mwingi wa wizi huo, lakini kipimo cha hatia hakingeweza kumnasa mtu ambaye hakuomba leseni kwa jina lake. Uzio unaosubiri hukumu huwanasa zaidi wale ambao mahakama imekwisha kuwafikia, ambao mara nyingi si wenye mawakili wa gharama wala mifuko ya udhamini.

Tena, kosa kubwa la jinai ni nini hasa? Hadi katikati ya mwaka 2018, katika jimbo la Virginia, kuiba kitu chenye thamani ya dola 200 au zaidi kulitosha kuwa kosa kubwa, kiwango kilichokuwa kimewekwa tangu mwaka 1980 bila kuzingatia mfumuko wa bei. Kilipandishwa hadi dola 500, na mwaka 2020 hadi dola 1,000. Katika Texas wizi wa kawaida haufiki ngazi hiyo mpaka ufikie dola 2,500. Chukua vijana wawili walioiba koti la dola 250 dukani mwaka 2017, mmoja Virginia na mwingine Texas. Tendo ni moja, na wizi kwa kawaida huhesabiwa na wadhibiti kuwa ni kukosa uaminifu. Lakini wa Virginia anaweza kubeba zuio la shirikisho hadi uzeeni, ilhali wa Texas ana kosa dogo lisiloguswa na kifungu cha 1033. Sheria iliyoandikwa ili iwe sawa kwa nchi nzima inaazima kipimo chake kutoka kwa majimbo yasiyopima sawa, na mwenye kuumia ni yule aliyezaliwa upande mbaya wa mpaka.

Linganisha pia bima na jirani zake katika biashara ya fedha. Katika biashara ya hisa, aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai huhesabika kuwa hastahili kwa miaka 10 tangu hukumu, na ndani ya muda huo bado anaweza kuombewa kibali maalumu. Upande wa benki, ambao kwa miongo mingi ulikuwa mkali mno, ulilegezwa na Bunge mwezi Desemba 2022: kwa makosa mengi, zuio halimhusu tena mtu ambaye miaka 7 imepita tangu atende kosa, au miaka 5 tangu atoke gerezani, na aliyekosa akiwa na umri wa miaka 21 au chini yake husubiri miezi 30 tu tangu hukumu. Makosa mazito zaidi dhidi ya mfumo wa fedha yalibakishwa nje ya nafuu hiyo, jambo ambalo ni sahihi. Mtu huyo huyo, basi, anaweza kuruhusiwa kuhesabu noti katika benki, lakini akavunja sheria ya jinai akipokea simu za wateja katika ofisi ya bima ya ghorofa ya juu yake bila idhini. Sijaona hoja inayoeleza kwa nini amana ya bima idai umri mzima wa toba pale ambapo amana ya benki inadai miaka saba.

Njia ya New York inanivutia zaidi, ingawa nayo ina gharama. Tangu mwaka 1976 sheria ya jimbo hilo inamzuia mtoa leseni kumkataa mtu kwa sababu tu ya hatia ya zamani, isipokuwa kosa lina uhusiano wa moja kwa moja na kazi inayoombwa au linaleta hatari isiyovumilika kwa mali na usalama wa watu. Ofisa anapaswa kutazama umri wa mtu alipokosa, muda uliopita, uzito wa kosa na ushahidi wa kujirekebisha. Huo ndio upimaji ambao baraza la wazee lenye busara lingeufanya. Lakini busara ya ofisa mmoja si ya mwingine, na mwombaji anaweza kusubiri kwa miezi bila kujua kama kosa lake litaonekana kuwa la jana au la enzi nyingine.

Kuna sehemu moja ambayo sitaki ilegezwe hata kidogo. Fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na majimbo mengi huuliza kuhusu hatia, ikiwa ni pamoja na kukiri kosa na kupewa uangalizi bila kifungo, na kuhusu mashtaka yanayoendelea. Makosa madogo ya barabarani, hata lile la kuendesha gari ukiwa umelewa, yanaruhusiwa kuachwa. Sheria ya mfano iliyoigwa na majimbo mengi pia inamtaka wakala aliyekwisha kupata leseni atoe taarifa ya mashtaka ya jinai ndani ya siku 30 tangu kikao cha kwanza cha awali mahakamani. Wapo wanaoshauriana kunyamaza, wakiamini kwamba kesi ya jimbo jingine haitaonekana, wakati majimbo mengi huchukua alama za vidole na kuzipeleka FBI. Anayeficha anampa mdhibiti sababu mpya kabisa ya kumkataa, sababu isiyotegemea kosa la zamani lilikuwa dogo kiasi gani, na safari hii mdhibiti ana haki, kwa kuwa mtu amesema uongo katika karatasi ya kwanza ya kazi inayohusu kuandika ukweli wa watu wengine.

Ningependa kwa hiyo kifungu cha 1033 kirekebishwe kwa mfano wa sheria ya benki ya 2022: muda maalumu kwa makosa ya kawaida na ya ujanani, zuio refu libaki kwa aliyeiba fedha za wateja, na wajibu wa kutaja hatia ubaki bila ukomo. Wapinzani hujibu kwamba idhini ya maandishi tayari inatosha, kwani anayestahili ataomba na kupewa. Jibu hilo linasahau nusu ya pili ya kifungu chenyewe, ambayo inatishia kifungo hicho hicho cha hadi miaka 5 kwa mtu wa bima anayemruhusu kwa makusudi mwenye hatia kushiriki, mbali na adhabu ya fedha inayoweza kufika dola 50,000 kwa kila kosa. Meneja anayesoma maneno hayo hana sababu ya kumsubiri mwombaji akamilishe barua, vielelezo na miezi ya kungoja majibu ya jimbo. Anamkataa mlangoni, na idhini ambayo pengine ingetolewa haiombwi.