Kupendekezwa si kuteuliwa: siri ya miaka 50 ya Nobel

Kila mwaka, kabla Januari haijaisha, hufika Oslo barua zenye majina ya watu wanaodhaniwa kustahili Tuzo ya Amani ya Nobel. Wanaoruhusiwa kuziandika ni wengi, wakiwemo wabunge na mawaziri wa nchi yoyote na maprofesa wa fani kama historia, sheria na falsafa. Kamati ya Norway inayotoa tuzo hiyo huzifungia barua hizo kwa miaka 50, na tuzo za sayansi zinazotolewa Sweden zina sharti hilohilo.

Wanaoitetea siri hiyo wana hoja nzito. Mtetezi wa haki anayeishi chini ya serikali katili anaweza kuandamwa kwa sababu tu jina lake limetajwa, na anayempendekeza huandika bila woga akijua kwamba barua yake haitasomwa kesho gazetini.

Tatizo ni kwamba sharti haliwafungi wapendekezaji kinywa. Mwanasiasa huita waandishi wa habari, hutangaza jina alilolipeleka, na jioni tunasikia kwamba fulani "ameteuliwa", ilhali kuteua ni kazi ya mwenye mamlaka na kupendekeza ni kupeleka jina tu. Mwaka 1939 mbunge mmoja wa Sweden alimpendekeza hata Adolf Hitler, kwa kejeli, kisha akaliondoa pendekezo lake.

Upande wa sayansi, siri imefunika dhuluma. Mwanafizikia Lise Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40, kwa fizikia na kwa kemia, asipewe tuzo hata mara moja. Otto Hahn, aliyeshirikiana naye kwa miaka mingi, alitunukiwa peke yake tuzo ya kemia ya 1944 kwa ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha atomu, ingawa Meitner na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza kifizikia kilichokuwa kimetokea. Nyaraka zilipofunguliwa katika miaka ya 1990, watafiti wakaona jinsi mchango wake ulivyopimwa vibaya, naye alikuwa amefariki tangu 1968.

Ndiyo maana naona tuzo hizi zisiwekewe kipimo kimoja. Barua za amani ziendelee kufungwa miaka 50, kwani huenda zikagusa uhai wa mtu. Za sayansi zifunguliwe baada ya miaka 20. Kwa kipimo hicho, za 1944 zingesomwa mwaka 1964, Meitner akiwa bado hai.